Ukikabidhiwa Maiki: Kuchagua Maneno na Kuyatamka Yakafika Benchi la Mwisho

Moshi hakuishi shughuli. Desemba watu wanapanda kwao mlimani kutoka Dar, Mwanza na Nairobi, na kati ya Krismasi na Mwaka Mpya mtu mmoja anaweza kualikwa kipaimara, sendofu, harusi na kikao cha ukoo ndani ya wiki moja. Miezi mingine ina misiba, mikutano ya vyama vya msingi vya kahawa, vikundi vya kuweka na kukopa, mahafali ya darasa la saba. Kote huko lazima mtu asimame aseme. Mwongozo huu ni wa mtu huyo. Simwandikii mwanasiasa wala MC wa kulipwa. Namwandikia shangazi aliyeambiwa atoe shukrani kwa niaba ya familia, mweka hazina anayesoma michango, na mjukuu aliyekabidhiwa wasifu wa marehemu babu yake usiku wa kuamkia mazishi.

Nitashikilia jambo moja: kuchagua neno na kulitamka ni kazi moja. Wengi huandika kwanza, tena kwa maneno ya kuazima ofisini, halafu wakishasimama mbele za watu ndipo wanaanza kupigana na ulimi. Neno ambalo mdomo wako haulimudu halikufai, hata kama kamusi inalisifu. Na neno zuri ukilimeza nusu, msikilizaji hakulipata.

Hatua ya 1: Mjue aliyekaa nyuma

Usimwandikie mgeni rasmi. Yeye amekaa mbele, atakusikia hata ukinong'ona. Mfikirie bibi aliyeletwa na gari la mjukuu kutoka Kibosho, ameketi benchi la mwisho karibu na wapishi, sufuria zinagongana nyuma ya kisogo chake. Alianza na Kichaga, Kiswahili kikaja baadaye. Pembeni yake yuko kijana aliyekulia Nairobi, Kiswahili chake kina mkondo mwingine kabisa. Ukumbini Arusha, tuseme Njiro au Sakina, mchanganyiko ni mkubwa zaidi: Wameru, Waarusha, Wamasai, Wapare, na wakwe waliofika jana. Sentensi yako iwafikie wote hao kwa mara moja, kwa sababu kusikiliza hakuna kurudi ukurasa wa nyuma.

Salamu ziwe fupi. "Shikamooni wazee wetu" inatosha kwa wakubwa, kisha salamu ya dini kulingana na shughuli. Kama waheshimiwa ni wengi, wasemaji waliotangulia wameshawataja. Sema "itifaki imezingatiwa" uendelee. Kurudia orodha ya majina kumi na mawili ya wageni waalikwa kunamaliza usikivu wa watu kabla hujaanza, na hakuna aliyewahi kuongezewa heshima kwa kutajwa mara ya sita.

Hatua ya 2: Sema kwanza, andika baadaye

Mwite mtu wa nyumbani, mwambie kwa mdomo unachotaka kusema. Anza hivi: "Nataka watu wajue kwamba…" au "Nataka watu wafanye…" Pumzi ikikatika kabla sentensi haijaisha, bado hujalijua jambo lako. Rekodi mazungumzo hayo kwa simu. Kisha sikiliza na uandike yale uliyoyasema, kwa maneno yaleyale.

Sababu ni ya vitendo tu. Maneno yaliyotoka mdomoni bila kupangwa ndiyo ambayo mdomo wako unayamudu. Ukianzia kwenye karatasi, mkono utaleta "uwezeshwaji" na "utekelezwaji", na ulimi ndio utakaolipa gharama.

Hatua ya 3: Punguza maneno ya ofisini

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo hotuba nyingi zinapopotea.

Chukua tangazo la aina hii kwenye mkutano wa chama cha msingi:

"Kimsingi, suala zima la malipo ya pili limekumbana na changamoto mbalimbali katika mchakato mzima wa ukamilishaji wake, hali iliyopelekea ucheleweshwaji."

Mkulima aliyeacha shamba lake kuja kusikia habari ya fedha yake ameambulia nini? Hajui kama kahawa imeuzwa, hajui fedha iko wapi, hajui arudi lini. Sasa jaribu hivi:

"Malipo ya pili yamechelewa. Kahawa yetu imeshauzwa mnadani, lakini fedha haijaingia kwenye akaunti ya chama. Ikiingia, tutawatangazia siku ya kulipwa."

Hakuna kilichopungua, isipokuwa ukungu. Tena angalia upande wa matamshi. "Ukamilishaji" ina silabi sita, "ucheleweshwaji" sita, na hiyo "shwa" katikati inateleza hata kwa watangazaji. "Yamechelewa" inatamkika hata na mtu aliyebanwa na mafua. Mara nyingi tatizo linaloitwa la matamshi linakwisha kwa kubadili neno.

Haya ndiyo ya kuangalia kwanza kwenye karatasi yako:

"Changamoto." Njaa ni changamoto, ugomvi wa mipaka ni changamoto, mweka hazina kutoonekana na daftari lake ni changamoto. Taja kitu chenyewe. Kama ni deni, sema deni.

"Suala zima la." Lifute, soma sentensi upya. Haijaumia.

"Kupelekea" kwa maana ya kusababisha. "Mvua ilipelekea barabara kuharibika" ni "mvua iliharibu barabara".

"Kuweza" isiyo na kazi. "Tuliweza kufanikiwa kupata shilingi milioni tatu" ni "tulipata shilingi milioni tatu".

Maneno ya kazi, kwa upande mwingine, yaache. Mkulima wa mlimani anayajua magonjwa ya kahawa, chulebuni na kutu ya majani, kuliko anavyojua maelezo marefu ya kuzungukazunguka. Buni ni buni, kahawa ya maganda ni ya maganda. Kama ukumbini kuna wasiolima, eleza mara moja kwa sentensi fupi, kisha tumia neno la wakulima bila kuomba radhi.

Kiswahili cha kuchovya Kiingereza nacho kina gharama yake. "Nina-apresheti sana sapoti yenu" inamfikia mjukuu, bibi anabaki anakutazama. "Nawashukuru kwa kunishika mkono" inawafikia wote, na ina joto zaidi. Sisemi utupe kila neno la kigeni. Sendofu, kamati, kadi, maiki, bajeti ni mali yetu siku nyingi. Ninachosema ni usitumie la kigeni kwa sababu tu limekuja la kwanza kichwani.

Kisha kuna adabu ya maneno, ambayo hapa kwetu inasikika kabla ya maana. Mama "amejifungua". Mzee "amefariki dunia" au "ametutoka". Hata kama nyumbani mnasema "amekufa", kwenye maiki haifai. Kwa mgeni huamrishi, unaomba: "Naomba tusogee mbele kidogo." Wakwe kutoka Kenya, ng'ambo ya mpaka wa Holili, wanaweza kusema "leta chai" bila ubaya wowote, ndivyo wanavyosema kwao, lakini MC wa Moshi akiwaambia wazee "leteni viti" kuna watakaonuna mpaka keki ikatwe.

Mtu akikuambia kwamba maneno ya nyumbani hayabebi mambo makubwa, mkumbushe Azimio la Arusha la mwaka 1967. Siasa ya nchi nzima iliwekwa kwenye ujamaa, kujitegemea na miiko ya uongozi. Unaweza kubishana na siasa hiyo mpaka asubuhi, lakini hakuna aliyehitaji mkalimani kujua imekusudia nini. Nyerere alikuwa mwalimu, na ilisikika.

Methali, weka moja. Mbili zinaanza kugombana, na ya tatu ni dalili kwamba umeishiwa.

Hatua ya 4: Fedha, saa na tarehe

Hotuba ikisahaulika yote, watu watakumbuka hesabu, na wakiisikia vibaya kuna kikao kingine cha kusuluhisha.

"Elfu kumi na mbili" inaweza kusikika 12,000, na mbishi akaisikia 10,002. Sema "kumi na mbili elfu". "Milioni mbili na mia tano" ni mbaya zaidi: kuna atakayesikia 2,500,000 na kuna atakayesikia 2,000,500. Sema "milioni mbili na laki tano". Laki ni rafiki wa mweka hazina, itumie.

Sitini, sabini na tisini zinaisha sawa, na spika mbovu inazifanya zote kuwa "-ini". Sita na tisa nazo zinachanganyana. Ukitaja kiasi, kirudie kwa namna nyingine: "shilingi tisini elfu, yaani laki moja kasoro elfu kumi". Juni na Julai vilevile, sema "mwezi wa sita", "mwezi wa saba". Na saa itaje pamoja na wakati wake: "saa nane mchana", siyo "saa nane" peke yake, hasa kama kuna wageni wanaohesabu saa kwa namna ya simu.

Tenganisha ahadi na taslimu kwa maneno yasiyofanana. "Ameahidi" na "ametoa" zinasikika mbali. "Amechangia" inaficha yote mawili, na waliotoa kweli watakasirika.

Hatua ya 5: Majina

Waulize wenyewe, kabla. Lyimo, Ngowi, Urio, Shirima si ngumu kwa mtu wa hapa, lakini MC aliyetoka pwani anaweza kuzigeuza. Nawe ukienda Arusha utakutana na Nnko, Akyoo, Pallangyo na Laizer, na hapo wewe ndiye mgeni. Andika jina kwenye karatasi jinsi linavyosikika, siyo jinsi lilivyoandikwa kwenye kadi. Kwenye wasifu wa marehemu, jina la kijiji alikozaliwa nalo ulihakiki na mzee wa ukoo. Kulikosea jina la marehemu mbele ya jeneza hakufutiki kwa "samahani".

Hatua ya 6: Sauti zinazobadili maana

Kwanza niseme msimamo wangu. Lafudhi si kosa. Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya lahaja ya Unguja, na kamati iliyosimamia kazi hiyo ilianza mwaka 1930, kwa hiyo karibu sisi sote wa bara tumekikuta kikiwa kimevaa mlio wa watu wengine. Mtu wa Machame akiongea akasikika wa Machame, hajakosea. Akijilazimisha kusikika wa Zanzibar atachekwa Machame na Zanzibar. Cha kurekebisha ni zile sauti ambazo ukizigeuza unasema kitu kingine.

R na L. Kwa l, ncha ya ulimi inakaa kwenye ufizi nyuma ya meno ya juu, inatulia, na hewa inapita pembeni. Kwa r, ncha ileile inagonga ufizi na kuachia haraka. Ukitaka kujua uko wapi, vuta sauti: "llll" inavutika ikiwa imetulia, "rrrr" inatetema. Halafu soma kwa sauti:

Tumekuja kupiga kura, kula ni baadaye.
Mahari imeletwa mahali hapa.
Karamu imeisha, kalamu iko wapi?

Mwenyekiti akitangaza "sasa twende kwenye kula" wakati bado hamjachagua viongozi, nusu ya ukumbi itasimama kuelekea kwenye sufuria. Na sitawalaumu.

Th na S. Kwa th ulimi unajitokeza kidogo katikati ya meno, hewa inapita juu yake. Kwa s ulimi unarudi ndani. "Mchango wenu una thamani kubwa" ukiupeleka kwenye s umewaambia watu kwamba mchango wao una samani, yaani makochi na kabati.

Dh na Z. Mahali ni palepale pa th, ila koo linatetema. Weka vidole viwili kooni utausikia mtetemo. "Zana za kilimo" ni jembe na panga, "dhana ya kilimo" ni fikra. "Tunaadhimisha miaka hamsini ya ndoa yao" ni sherehe. "Tunaazimisha" inamaanisha tunawakopesha watu kitu, na wazee wale hawakuja kukopeshwa ndoa.

H. Wapo wanaoidondosha ("asara" badala ya hasara) na wapo wanaoiongeza pasipo mahali pake ("hakiba" badala ya akiba). Kwenye vikundi vya fedha hili linasikika kila Jumapili. Weka kiganja mbele ya mdomo: kwenye "hasara", "hisa" na "haki" utasikia pumzi mwanzoni, kwenye "akiba" na "ahadi" neno lianze na irabu safi.

Irabu mbili. Hii inasahaulika sana, pengine kwa sababu haionekani kama sauti mpya. "Mwenyekiti amekata" na "mwenyekiti amekataa" ni habari mbili tofauti. Kufa na kufaa, kuja na kujaa, kuza na kuzaa. Vuta irabu ya pili kweli, uisikie mwenyewe.

Gh ya ghorofa na lugha sitakusumbua nayo. Ukisema "gorofa" hakuna atakayepotea njia. Ila kama unasoma somo kanisani, au taarifa kwenye redio, kiwango kinapanda: hapo jifunze kuikwaruza kidogo nyuma ya ulimi. Ng' ya ng'ombe nayo ni ya puani, usiibadilishe kuwa ng ya ngoma. Watu wengi wa hapa wanaiweza bila kufundishwa.

Mkazo wa Kiswahili unakaa silabi ya pili kutoka mwisho, na neno likirefuka mkazo unasogea: ki-TA-bu, ki-ta-BU-ni. Yapo machache yanayokaidi. Kila mwalimu anataja ba-ra-BA-ra ya magari na ba-RA-ba-ra ya "sawasawa". Tatizo ninalolisikia siku hizi ni la wanaoiga watangazaji wa redio za Dar, wanaopandisha sauti mwisho wa kila sentensi mpaka taarifa inasikika kama swali. Mkutano ukishindwa kujua kama umeuliza au umetangaza, umepoteza kura.

Hatua ya 7: Linda mwanzo na mwisho wa neno

Kiswahili kinaweka mambo mazito kwenye ncha za neno. Kukanusha kuko mwanzoni kabisa, mahali ambapo msemaji bado anavuta pumzi na maiki bado inapanda kuelekea mdomoni. "Hatutagawana faida mwaka huu" ikipoteza silabi ya kwanza inakuwa "tutagawana faida mwaka huu". Nani atawatuliza watu hao?

Dawa iko pande zote mbili. Kwa mdomo: vuta pumzi kabla, weka maiki mahali pake, ndipo uanze. Kwa maneno: toa kanusho ndani ya kitenzi ulisimamishe peke yake. "Mwaka huu hakuna mgawo. Faida inabaki kwenye mfuko." "Hakuna" ni neno zima, halimezeki kirahisi. Vivyo hivyo badala ya "wasio na kadi wakae kulia" sema "wenye kadi wakae kushoto, wengine wote kulia".

Mwishoni mwa neno kuna hatari nyingine, maana pumzi inaisha na sauti inashuka. Hapo ndipo inapokaa ile w ndogo ya kutendwa. "Tumelipa" na "tumelipwa" zinatofautiana kwa w moja, lakini kwenye daftari la fedha zinatofautiana kwa kila kitu. Ukiona sentensi yako inaning'inia kwenye w, ipindue: badala ya "tumelipwa na mnunuzi" sema "mnunuzi ametulipa". Na irabu ya mwisho itamke mpaka iishe. Kiswahili karibu kila silabi ina irabu yake. Ukisema "kumi na mbil" umemwachia msikilizaji kazi ya kumalizia.

Hatua ya 8: Maiki, turubai na bati

Maiki ishike umbali wa ngumi moja kutoka mdomoni, na uielekeze pembeni kidogo ya midomo, kwa sababu p na b zinatoa upepo unaolipuka kwenye spika. Usiipulize wala kuigonga. Usisimame mbele ya spika, itapiga mluzi. Kaa nyuma yake au pembeni.

Kabla ya shughuli, nenda kwa fundi mitambo umwambie mambo mawili kwa upole: apunguze besi na aondoe mwangwi. Mafundi wetu wanapenda kuweka mwangwi ule wa muziki, na kwa mwimbaji ni sawa. Kwa msemaji ni balaa: silabi ya kwanza inarudi wakati ya pili inatoka, zinakanyagana. Mpe soda, mwambie "kijana wangu, naomba unisaidie". Atakubali.

Uwanja wazi una shida yake. Sauti inasafiri takriban mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo aliye mita mia moja kutoka kwenye spika anakusikia karibu theluthi moja ya sekunde baadaye, na kama spika ziko pande mbili anakusikia mara mbili. Pale Uwanja wa Sheikh Amri Abeid, Arusha (jina la mshairi aliyekuwa pia waziri wa sheria, pengine ndiyo maana napenda kuutolea mfano), huwezi kusema kama uko sebuleni. Kata maneno kwenye mafungu mafupi, nyamaza kidogo, endelea. Kimya hicho kinaonekana kirefu kwako tu.

Paa la bati wakati wa masika ni habari nyingine. Mvua ikishuka Machi au Aprili, usishindane nayo. Kupiga kelele kunaharibu irabu kwanza, kisha koo. Simama kimya, tabasamu, waimbishe pambio kama ni kanisani. Ikipungua, rudia sentensi ya mwisho uliyokuwa umeanza, yote, tangu neno la kwanza.

Hatua ya 9: Mazoezi ya wiki moja

Huhitaji chuo. Karatasi yako ichape kwa herufi kubwa, au iandike kwa mkono kwa nafasi pana. Weka mkwaju mmoja (/) pa kupumua na miwili (//) pa kunyamaza. Neno ulilojikwaa mara ya pili unaposoma kwa sauti, lizungushie duara. Ukijikwaa mara ya tatu, tafuta jingine. Hakuna aibu; neno lile lilikuwa la karatasi, halikuwa lako.

Kwa ulimi, tumia majina ya kwetu. Makonda wa stendi wanayataja siku nzima bila kuchoka, na yamechanganya r na l kwa namna ambayo mwalimu asingeweza kubuni: Rau, Uru, Kirua, Kilema, Lyamungo, Marangu, Holili, Tarakea. Yataje polepole, kila silabi na irabu yake. Kisha kwa mwendo wa kawaida. Kisha kwa kasi ya konda gari likiondoka. Kilema ikianza kuwa "Kirema", rudi kwenye polepole. Fanya hivyo ukiwa unapiga deki au unaenda shamba, dakika chache zinatosha.

Siku mbili kabla, mpeleke mtu uani, wewe ubaki ndani ya nyumba mlango ukiwa wazi, umsomee. Mwambie asikusifu. Akuandikie tu hesabu, majina na tarehe alizozisikia. Linganisha na karatasi yako. Pale palipotofautiana ndipo pa kurekebisha, na mara nyingi utakuta ni zile sitini na sabini.

Sauti iangalie pia. Maji ya uvuguvugu ni mazuri kuliko soda ya baridi. Mbege iache mpaka umalize kusema. Ulimi uliolegea hauijui r.

Siku yenyewe

Simama, miguu yote miwili chini, vuta pumzi mpaka tumbo lisogee. Mtazame mtu wa benchi la mwisho kabla hujafungua mdomo. Sentensi ya kwanza iseme bila kusoma, na polepole kuliko unavyodhani inafaa, kwa sababu masikio yanahitaji muda wa kuizoea sauti yako.

Ulimi ukiteleza, rekebisha neno hilo moja uendelee: "kula… kura, samahani". Usieleze sababu wala kujicheka kwa dakika nzima. Wakicheka wao, cheka nao kidogo. Kama kosa liko kwenye hesabu au jina, simama kabisa, rudia sentensi yote, na uongeze "narudia" mbele yake ili katibu afute alichoandika.

Ukimaliza, maliza. Ile "kwa hayo machache" isifuatwe na mengi. Rudisha maiki kwa MC, na karatasi yako yenye hesabu mpe katibu palepale, kabla hujaenda kuosha mikono, ili kilichoandikwa kwenye muhtasari kiwe kilekile ulichokitamka.